Msaada kwa Ndugu Waliokwama Ugenini

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Katika mkutano uliopita Halmashauri iliniagiza nifanye uchunguzi, nipate kujua jinsi vyama vingine na nchi nyingine zinavyowasaidia watu wao waliopatwa na shida ugenini, kisha nilete habari hizo kwa maandishi. Nadhani wazee walitumaini kwamba ningeleta karatasi moja yenye hesabu. Nimeleta zaidi ya hiyo, nami naomba radhi mapema. Lakini kabla sijaeleza niliyoyaona kwa wengine, yanipasa nieleze lililotokea katika ofisi yetu wenyewe, kwa kuwa ndilo lililozaa agizo hilo, na kwa kuwa barua iliyoleta maneno niliiandika mimi kwa mkono wangu.

Wengi wenu mwaikumbuka habari ya binti wa mama mmoja wa upande wa Mutomo. Sitamtaja jina, wala yeye mwenyewe hapendi kutajwa. Binti huyo alikwenda Saudia kufanya kazi ya nyumbani, baada ya wakala mmoja kumwahidi mshahara ambao hapa kwetu mwalimu angeuonea wivu. Mwezi wa tano mama yake alikuja ofisini asubuhi na mapema, ameishika simu kwa mikono miwili, akaniomba nisikilize sauti ya mwanawe. Binti alisema kwamba hatoki nje, kwamba mshahara wa miezi minne haujalipwa, kwamba mguu wake uliungua kwa maji ya moto naye hajapelekwa hospitali, na kwamba pasi yake ya kusafiria imo mikononi mwa mwajiri. Alisema maneno hayo upesi upesi kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, kama mtu anayesikiliza hatua za miguu mlangoni.

Nilifungua daftari. Binti hakuwa mwanachama. Mama alikuwa mwanachama, lakini hakuwa amelipa ada kwa miezi saba, na kanuni yetu yasema kwamba apitaye miezi sita hana haki ya msaada. Basi nikaandika barua: Halmashauri inasikitika, na kadhalika. Kwa kweli Halmashauri haikuwa imekutana, wala haikujua habari yo yote. Niliandika kwa niaba yake, kama makarani tuzoeavyo kufanya tukiwa na hakika ya jibu. Kiswahili cha barua ile kilikuwa safi, na kila nikisoma nakala yake katika jalada naona haya kwa usafi huo.

Binti alirudi baada ya miezi kumi na mmoja, akipitia nyumba ya serikali ya huko wanamowekwa wageni wanaosubiri kurudishwa kwao. Mama aliuza ng'ombe wawili. Fedha za ng'ombe wa kwanza zilimezwa na mtu aliyejiita mjumbe wa wakala, ambaye hajaonekana tena. Binti yu hai, ila anachechemea. Mama yake alikuja baadaye akalipa ada ya miezi yote aliyodaiwa, akataka stakabadhi, nami nikamwandikia. Hakusema neno lingine.

Ndipo wazee wakauliza: Je, kanuni ndiyo iliyokosea, ama karani? Nami nikatumwa kuchunguza.

Nilianza na mambo ya zamani, kwa sababu nilisikia katika mkutano ule sauti zikisema kwamba aendaye mbali kwa hiari yake asilalamike. Wazee wetu wajua kuliko mimi kwamba sisi Wakamba ni watu wa kwenda. Lugha yetu ina neno maalum la safari ya kutafuta chakula wakati wa ukame, kuthuua, na neno hilo halina aibu ndani yake. Rabai na vijiji vya karibu na Mombasa vilikuwa na watu wetu tangu nusu ya kwanza ya karne ya 19. Wengi wao walishuka pwani kwa sababu ya njaa na biashara, wakakaa kando ya wenyeji. Katika njaa kuu iliyoitwa Ngomanisye, yaani ile iliyoenea kila mahali, mnamo miaka ya 1898 na 1899, watu wa Kitui walivuka kwenda kwenye miteremko ya Mlima Kenya na nchi ya Wakikuyu. Waume waliwaweka wake na watoto rehani kwa watu wenye chakula, wakitumaini kuwakomboa mvua itakaponyesha. Wengine walikombolewa. Wengine hawakurudi, na wajukuu wao hivi leo hawajui kwamba bibi yao alizaliwa Mumoni au Migwani. Wenyeji waliowapokea hawakuwa wote watu wema, wala hawakuwa wote wabaya. Palikuwa na waliolisha mgeni, na palikuwa na walioona njaa ya mgeni kuwa soko.

Hata mgeni aliyekuja kwetu alipata kukwama. Mwaka 1851 mmishonari Krapf alisafiri kuelekea mto Tana pamoja na Kivui, mkuu mashuhuri wa Kitui. Msafara ukashambuliwa, Kivui akauawa, naye Krapf akabaki peke yake nyikani, akitembea usiku, amejaza maji katika mitutu ya bunduki yake kwa kukosa chombo. Jamaa wengine wa Kivui walimtazama kwa jicho la hasira, kwamba amerudi hai na mkuu wao amekufa. Hata hivyo alifika Rabai. Habari hii naitaja ili tukumbuke kwamba bunduki na elimu havimzuii mtu asiwe mhitaji wa kibuyu cha maji.

Na wale wenye umri wa makamo wakumbuka njaa ya 1984, tuliyoipa jina la Nikwa Ngwete, maana yake nafa huku nimeshika. Fedha zilikuwapo mkononi, chakula hakikuwapo dukani. Jina hilo lilinirudia mara nyingi nilipokuwa nikizungumza na mabinti waliorudi kutoka Arabuni, kwani kisa chao ni hicho hicho: wamo katika nyumba yenye kila kitu, nao wanakosa njia ya kutoka nje ya mlango.

Sasa niseme jinsi mtu anavyokwama, kwa sababu nimegundua kwamba wengi wetu tunadhani ni bahati mbaya tu ya kumpata mwajiri mkali. Sivyo. Katika nchi nyingi za Ghuba kuna utaratibu uitwao kafala. Mgeni haingii kazini kwa jina lake peke yake, bali chini ya udhamini wa mwajiri. Kibali chake cha kukaa, kiitwacho iqama, kimefungamana na mwajiri huyo. Akitoka nyumbani bila ruhusa, mwajiri aweza kutoa taarifa kwamba ametoroka. Taarifa hiyo huitwa huroob, na tangu hapo mfanyakazi ndiye mkosaji mbele ya sheria, hata kama alikimbia kipigo. Mwezi wa Machi 2021 Saudia ililegeza mambo kadha ya utaratibu huo, wafanyakazi wa makampuni wakapata nafuu ya kubadili kazi na kusafiri, lakini watumishi wa nyumbani hawakuhesabiwa katika mabadiliko hayo. Na hao ndio mabinti zetu.

Serikali yetu haikulala kabisa. Mwaka 2014 ilipiga marufuku upelekaji wa watumishi wa nyumbani Mashariki ya Kati na kufuta leseni za mawakala. Baadaye mlango ukafunguliwa tena kwa mapatano na baadhi ya nchi hizo. Mlango ulipofungwa watu hawakuacha kwenda, walipita dirishani, kupitia nchi jirani na kwa karatasi za utalii, na aliyepita dirishani hakuwa na mkataba wala jina lake halikuwa katika daftari lo lote. Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje iliiambia kamati ya Bunge kwamba Wakenya 89 walikufa Saudia katika miaka ya 2020 na 2021, wengi wao watumishi wa nyumbani. Na kwa wengi sababu iliyoandikwa ilikuwa kusimama kwa moyo. Mzee mmoja aliponisikia nikisoma hayo aliuliza: kwani moyo wa mtu aliyekufa husimama vingine? Mwaka 2025 gazeti la New York Times lilitoa hesabu ya Wakenya wasiopungua 274 waliofia Saudia katika miaka mitano.

Hayo yatosha kuhusu ugonjwa. Nije kwenye dawa walizojaribu wengine.

Funzo la kwanza nimelipata kwa watu ambao hawana nguvu wala cheo, nao ni wanawake wa Ethiopia waliokuwa watumishi wa nyumbani Lebanoni. Mwaka 2017 waliunda chama chao wenyewe, kiitwacho Egna Legna Besidet, yaani sisi kwa ajili yetu tulioko ugenini. Mwaka 2020 fedha ya Lebanoni ilipoanguka, waajiri wengi walishindwa kulipa mishahara, na wengine waliwachukua watumishi wao kwa gari wakawaacha kando ya barabara mbele ya ubalozi pamoja na mizigo yao. Kisha tarehe 4 Agosti mlipuko mkubwa ukavunja sehemu kubwa ya Beirut. Wanawake wa Kenya nao walikaa nje ya ofisi ya mwakilishi wetu mjini humo, wakidai warudishwe nyumbani. Wakati huo chama kile cha Waethiopia kiligawa chakula, kikalipa kodi za vyumba, kikalipia vipimo vya ugonjwa wa korona na tikiti za ndege. Wanachama wake walikuwa wamepita katika taabu hiyo hiyo, kwa hiyo hawakuhitaji kuelezwa. Walijua ni nani wa kupigiwa simu, ni saa ngapi mwajiri hulala, na kwamba mtu aliyefungiwa huhitaji kwanza fedha ya simu kabla ya kuhitaji wakili.

Miaka minne baadaye, vita vilipopanda Lebanoni mwishoni mwa 2024, baadhi ya makimbilio yaliwapokea raia na kuwakataa watumishi wa kigeni. Kanisa la Mtakatifu Yosefu mjini Beirut lilifungua milango yake, wageni wakalala ndani. Makimbilio yaliyowakataa yalikuwa na kanuni. Nilipofika hapo katika uchunguzi wangu, niliiweka kalamu chini kidogo.

Funzo la pili linatoka Ufilipino, nchi ambayo imepeleka watu wake kazini ng'ambo kwa wingi kuliko sisi na kwa miaka mingi zaidi. Huko kuna mfuko wa ustawi wa wafanyakazi walioko nje, ulioanza mwaka 1977. Ada yake ni dola 25 za Marekani kwa mkataba, na ada hiyo hulipwa kabla ya mtu kuondoka, si baada ya kupatwa na shida. Mwaka 1995 mtumishi wa nyumbani Mfilipino, Flor Contemplacion, alinyongwa Singapore, na wananchi wakaona kwamba serikali yao haikumpigania vya kutosha. Hasira ikawa kubwa, na mwaka uo huo ikatungwa sheria ya wafanyakazi wahamiaji. Sheria hiyo yaagiza kwamba mahali penye Wafilipino 20,000 au zaidi pawe na nyumba ya msaada chini ya ubalozi, iliyo wazi usiku na mchana. Tazameni neno hilo: usiku na mchana. Ofisi yetu hufungwa saa kumi na nusu, na Jumamosi saa sita, wala binti anayetoroka hatazami saa ya karani.

Na funzo la tatu ni la Msalaba Mwekundu. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Kenya kiliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965, nacho kina kazi ambayo wengi wetu hatuijui, ya kuwatafuta watu waliopotezana na jamaa zao kwa sababu ya vita, maafa au uhamiaji. Jamaa huandikisha jina, na vyama vya Msalaba Mwekundu vya nchi nyingine husaidia kumtafuta. Katika maazimio ambayo vyama hivyo viliandika mwaka 2009 kuhusu wahamiaji, shauri lililotangulia ni kwamba mtu asaidiwe kwa kadiri ya haja yake, pasipo kuangalia kwanza kama karatasi zake ni halali. Kadhalika, baada ya maelfu ya wafanyakazi wa kigeni kukwama Libya katika vita vya 2011, nchi kadha zikiongozwa na Marekani na Ufilipino zilitunga mwongozo, uliotolewa mwaka 2016, kuhusu wahamiaji wanaokutwa na vita au maafa katika nchi isiyo yao. Mwongozo huo ni mrefu na lugha yake ni nzito, lakini ukiukamua unabaki na maji yanayonyweka: mwandikishe mtu kabla hajaondoka, mfundishe mapema mahali pa kukimbilia, mpatie karatasi zake zikipotea, sema naye kwa lugha anayoielewa, na usimsahau akisharudi.

Hilo la mwisho nataka kulikalia kidogo, kwa maana ndilo lililonishangaza kuliko yote, na sidhani kama sisi tumewahi kulifikiri. Tulidhani msaada unaishia uwanja wa ndege. Nilizungumza na mabinti saba na mvulana mmoja waliorudi, baadhi wa Kitui, baadhi wa upande wa Kibwezi na Wote. Karibu wote walisema kwamba juma la kwanza nyumbani lilikuwa zito kuliko mwezi wa mwisho huko. Binti anashuka kwenye basi na mfuko wa plastiki. Watoto wa jirani wanamkimbilia wakitazamia peremende. Mjomba aliyeuza mbuzi ili kumlipia daktari na nauli ya Nairobi anakuja jioni kumsalimu, naye hasemi habari ya mbuzi, ila hakai chini. Mama anapika muthokoi na kuku, binti hawezi kula. Baada ya siku chache watu wanaanza kuuliza amejenga nini. Mmoja aliniambia kwamba alilala kwa shangazi yake huko Emali muda wa wiki tatu, akiogopa kufika kwao mikono mitupu, huku mama yake akidhani bado yuko Riyadh. Mwingine alirudi tena Arabuni kwa wakala mwingine, akiwa na kovu lililokuwa halijapona, kwa sababu alidaiwa.

Kwa hiyo niliwauliza: mngetaka Chama kifanye nini? Nilikuwa na kalamu tayari kuandika habari za mikopo na mitaji. Mmoja alijibu kwamba angetaka mtu mzima, mwanamke, aje kumpokea uwanjani, asimwulize neno, ampe maji na leso ya kujifunga, kisha afuatane naye mpaka kwao na kusema na wazee kabla watu hawajaanza kusema. Nimeiandika haja hiyo kama alivyoisema. Gharama yake ni nauli ya watu wawili.

Wengine walitaja hospitali, hasa daktari wa wanawake na mtu wa kusema naye habari za usingizi usiokuja. Wengine walitaja deni. Hapo naona Chama chaweza kusema na wadai, kwa maana wadai wengi ni watu wetu wenyewe, tena wamo katika mkutano huu. Kumngojea mtu misimu miwili ya ndengu si jambo lisilowezekana.

Mheshimiwa Mwenyekiti, sasa nafika mahali ambapo najua sitapendwa na kila mtu. Nimepitia vitabu vya Mweka Hazina. Sehemu kubwa ya fedha zetu hutumika kwa mazishi: majeneza, magari ya kuchukua maiti, chakula cha waombolezaji. Hiyo ni heshima yetu, nami siidharau. Baba yangu alizikwa kwa msaada wa Chama hiki, na sijasahau. Lakini mtu wetu akifia ng'ambo, twachanga kwa siku chache fedha nyingi za kuileta maiti. Alipokuwa hai akililia tikiti, tuliuliza ada. Yule binti wa Mutomo angekufa, barua yangu isingekataa. Ningeandika nyingine, ya kuwaita wanachama wachange, na mngechanga. Naiomba Halmashauri itenge mfuko wa walio hai, wenye daftari lake mwenyewe, usioguswa kwa mazishi hata msiba uwe mkubwa namna gani.

Mzee wetu mmoja alinikamata barazani asubuhi ya leo akaniambia: Karani, ukiwasaidia wasiolipa, ni nani atakayelipa? Swali hilo ni la haki. Nilimjibu kwa habari ya mwethya. Mama asiyekuja mwethya wa kuchimba mitaro ya shamba hutozwa, na akizidi hutengwa na kazi ile. Lakini nyumba yake ikishika moto, wenzake huja na maji, na mambo ya kutozwa huja kesho yake. Kanuni ya miezi sita na ibaki kwa mazishi, kwa mikopo na kwa karo za shule. Kwa mtu aliyefungiwa au anayepigwa, tusaidie kwanza, kisha jamaa zake waingie katika daftari na kulipa polepole. Yule mama alilipa miezi yote bila kuombwa. Sisi ndio tuliokuwa na deni.

Nalo neno la karatasi halali. Katika Halmashauri palisemwa kwamba tusijiingize kwa waliokwenda kwa njia za panya, tusije tukaonekana tunaunga mkono uvunjaji wa sheria. Nimeisoma sheria. Sheria yetu ya Kenya ya 2010 ya kupinga biashara ya kusafirisha watu yasema kwamba aliyesafirishwa kwa hila hatashtakiwa kwa kosa la kuwa nchini isivyo halali, na iliunda mfuko wa kumsaidia. Ikiwa Bunge halimlaumu mgeni aliyedanganywa akaletwa kwetu, sioni kwa nini sisi tumlaumu mtoto wetu aliyedanganywa akapelekwa kwa wengine.

Jambo hilo lina upande wa pili, kwani nasi ni wenyeji wa njia kuu. Barabara ya Mombasa yapita Sultan Hamud, Emali, Kibwezi mpaka Mtito Andei, na vijana wa Ethiopia wanaoelekea Afrika Kusini hupitishwa katika nchi yetu wakifichwa ndani ya malori. Mwanachama wetu mmoja mwenye hoteli kando ya barabara hiyo aliniambia kwamba siku moja aliwakuta vijana wanne nyuma ya jiko lake alfajiri, midomo imepasuka kwa kiu, hawajui Kiswahili ila neno moja, maji. Aliwapa maji, akawapa chai na chapati, kisha akabaki na hofu kwamba amefanya kosa. Nilimwambia kwamba kumpa maji mtu mwenye kiu si kosa, na kwamba baada ya hapo apige simu kwa Msalaba Mwekundu au kwa chifu, asiwaachie wale wenye malori wawachukue tena. Aliniuliza kama ningesema hivyo hivyo kabla ya mambo ya Mutomo. Sikumjibu.

Na wazee wa upande wa Mutha na Ngomeni wataniuliza habari za wafugaji wa ngamia wanaoingia kwetu ukame unapozidi, hasa katika ukame ule mrefu wa 2020 hadi mwanzo wa 2023. Damu imemwagika, na mashamba ya watu yameliwa. Chama cha ustawi hakiwezi kuamua mambo ya mipaka na malisho. Hiyo ni kazi ya Serikali na wazee wa pande zote mbili. Mimi nasema hili tu, kwamba ngamia mia moja ndani ya shamba la ndengu ni jambo moja, na mama mwenye mtoto mgongoni aombaye maji kisimani ni jambo lingine, na haifai la kwanza litufanye tumfukuze wa pili.

Yaliyobaki ni ya kazi. Nimepata ruhusa ya Halmashauri kuanzisha daftari la walioko ng'ambo. Kila jina litaandikwa pamoja na namba ya pasi, jina la wakala na namba ya leseni yake, jina la mwajiri na mji, na namba za simu mbili. Nakala ya pasi na ya mkataba ibaki ofisini kabla mtu hajaondoka, maana pasi ikishachukuliwa na mwajiri, ubalozi utataka nakala. Wakala yeyote asipewe hata shilingi moja kabla jina lake halijatazamwa katika orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Nitaitazama mimi, bila malipo. Kila anayeondoka atakubaliana na jamaa zake juu ya neno moja la kawaida, kama vile kuuliza habari ya mbuzi fulani, ambalo akilitaja katika simu tutajua kwamba hasemi kwa uhuru. Barua zetu zitakwenda kwa ubalozi na kwa Idara ya Serikali inayoshughulikia Wakenya walioko ng'ambo, iliyoundwa mwaka 2022, na nakala itabaki kwa jamaa ili wajue tumesema nini. Akina mama wawili wamekubali kushika simu ya usiku kwa zamu. Mmoja wao ni yule binti wa Mutomo, aliyejitolea mwenyewe. Nilimwuliza mara mbili, naye alinijibu mara zote mbili.

Halmashauri itapiga kura juu ya mfuko baada ya chakula. Daftari liko mezani kwa Mweka Hazina, karibu na mlango, pamoja na kalamu mbili. Jina la kwanza nimeliandika mimi: ni la mdogo wangu, aliyeko Doha tangu mwaka jana, ambaye namba ya leseni ya wakala wake sikuijua mpaka juzi.